Nilivyoacha Kunyamaza Steji ya Kisumu

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya kila mgeni aliyewahi kusimama kwenye steji ya mji asioujua, mkoba begani, sauti zikimvuta huku na huku, asijue gari lipi ni lake. Mimi ni mwanamke wa Likoni, Mombasa. Nilikuja Kisumu kumuuguza ndugu yangu, na safari ya kumfikia ikanitoa machozi ambayo ugonjwa wenyewe haukuyatoa. Sasa wageni hunisimamisha mimi kuniuliza njia, na nikienda kwenye vikao vya kaunti nanyoosha mkono. Nilikuwa mtu wa kunyamaza, nimekuwa mtu wa kusema. Nataka kueleza ilivyokuwa, kwa sababu naamini kilichonibadilisha mimi kinaweza kuubadilisha mji.

Nimelelewa nikijua kwamba mgeni hachagui. Anachotengewa ndicho anachokula, anapoonyeshwa ndipo anapolala, na akiona kasoro katika nyumba ya watu huisitiri. Malezi hayo yamenifaa kwa mengi na bado nayaheshimu. Lakini nyumbani kwa watu pana mwenye nyumba anayemwangalia mgeni wake, ajue amekula au hajala. Steji haina mwenye nyumba. Mgeni akinyamaza pale, hakuna anayejua kwamba amenyamaza.

Dada yangu mdogo aliolewa Kisumu, wakakaa Nyalenda. Alipougua akalazwa katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Shemeji yangu alikuwa na kazi ya mbali ambayo hakuweza kuiacha, basi nikafunga safari mimi. Kazi yangu ilikuwa moja: kila mchana nifike wodini na uji na chakula kilichopikwa nyumbani, katika ule muda mfupi ambao jamaa huruhusiwa kuwaona wagonjwa. Geti hufunguliwa, kisha hufungwa, na askari wa getini hana ruhusa ya kumhurumia mtu. Kwa hiyo nilipokuwa njiani sikuwa nikihesabu mwendo. Nilikuwa nikihesabu dakika nilizobakiwa nazo za kukaa kando ya kitanda cha dada yangu.

Tabu ya kwanza ilikuwa majina. Karatasi niliyopewa iliandikwa Jaramogi. Pale kwenye stendi kuu karibu na soko la Jubilee, makanga walikuwa wakiita Kondele, Mamboleo, Nyamasaria, Kisian, na katikati ya majina hayo mmoja akawa anaita “Russia! Russia!” Jaramogi sikuisikia. Nikauliza gari la hospitali kubwa ya serikali, nikaambiwa panda. Nikashushwa si mbali, mbele ya hospitali nyingine iliyo katikati ya mji, ile ambayo wenyeji bado wanaiita District. Nikasimama pale na chupa ya uji mkononi nikiwauliza wapita njia, na kila aliyenijibu alinijibu kwa upole: “Mama, hiyo yako ni Russia. Rudi steji, panda za Kondele.”

Baadaye nilielezwa asili yake. Hospitali ile ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, na jina la Warusi likabaki midomoni mwa watu. Siku ilipofunguliwa na Rais Jomo Kenyatta, Oktoba 1969, risasi zilipigwa kwenye umati na watu wakapoteza maisha. Wazee wa Kisumu hawajaisahau siku ile. Baadaye ikawa hospitali ya mkoa wa Nyanza, na wako wanaoiita hivyo mpaka leo. Kisha ikapewa jina la Jaramogi, ndilo lililo getini. Kila jina lina haki yake na lina watu wake. Lakini mgonjwa anayetoka Siaya, Migori au Kakamega na barua ya rufaa mkononi ana jina moja tu, lile lililoandikwa kwenye barua, na jina hilo haliitwi na makanga. Ubao mmoja pale steji wenye majina yote matatu kwa pamoja ungenifikisha kwa dada yangu siku ile.

Tabu ya pili ilikuwa maandishi yasiyosema ukweli. Tangu kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004, kila matatu hapa Kenya hutakiwa kuwa na mstari wa manjano ubavuni, na juu yake njia linayopita. Kanuni hizohizo ndizo zilizoleta mikanda ya viti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na sare za dereva na makanga. Mimi mtu wa kusoma niliuamini mstari ule. Nikapanda gari lililoandikwa Kakamega, maana barabara ya Kakamega ndiyo inayopita hospitali. Halikwenda Kakamega wala halikufika hospitali. Dereva aliona steji ya upande wa pili imejaa watu, akageuza, tukaambiwa tushuke tutafute lingine. Wenyeji walishuka bila neno, wakavuka barabara, wakapanda jingine. Wao walikuwa wameshalijua gari lile kwa sura ya dereva na sauti ya makanga. Mimi nilikuwa nimelijua kwa maandishi.

Tabu ya tatu ilikuwa kusubiri gari lijae, nayo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Gari la abiria 14 haliondoki mpaka lijae. Hilo nilikuwa nalijua, hata Mombasa lipo. Nisilolijua ni kwamba wanaoonekana wamekaa si wote abiria. Niliona gari limebakiza kiti kimoja, nikakimbilia kile kiti, nikalipa nauli, nikakaa. Mara kijana mmoja akashuka. Akaja abiria, akashuka mwingine. Walikuwa vijana wa steji waliowekwa vitini ili gari lionekane linaondoka. Mchana ule nilifika getini geti limeshafungwa. Nilimwomba mhudumu aliyekuwa anaingia ampelekee dada yangu chakula, nikakaa nje kwenye jua. Dada hakuniona siku ile. Alidhani nimepatwa na jambo, akashindwa kula.

Tabu ya nne ilikuwa nauli. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe, na lafudhi yangu ya pwani ilinitangaza kabla sijakaa. Jirani yangu kitini alitoa shilingi 50, mimi nikaambiwa 100. Mvua ikinyesha inapanda, jioni inapanda, na hakuna mahali popote palipoandikwa bei ya kawaida ili mtu ajue imepanda kutoka wapi. Nikitoa noti ya 500, chenji “utapata mbele, mama,” na mbele kukifika gari linasukumwa liondoke na mimi sijapewa. Kwenye boda, zile pikipiki za abiria, ilikuwa vilevile. Bei inapangwa kwa kukutazama, na asiyejua umbali hana la kubishania. Nilinyamaza kote huko. Nililipa, nikashuka, nikashukuru.

Aliyenitoa kwenye kimya kile ni mama mmoja muuza omena, yaani dagaa, wa kukaanga, anayekaa pembeni mwa steji. Alikuwa ameniona kila mchana na chupa yangu ya uji, akanisalimia. Aliponisikia ninavyozungumza akacheka kwa furaha, na tangu siku ile akaniita Nyar Mombasa, binti wa Mombasa. Akaniuliza natokea wapi kila siku. Nikamwambia Nyalenda. Akaniuliza kwa nini basi napita mjini. Nikamwambia sijui njia nyingine.

“Nyar Mombasa,” akasema, “kuna Ring Road. Inatoka Nyalenda, inavuka barabara ya Nairobi, inaingia Manyatta mpaka Kondele. Tuktuk ziko huko mchana kutwa. Kondele ukishuka, hospitali ni hapo tu. Wewe unalipa mara mbili kuja kunitembelea mimi.”

Muda wote ule nilikuwa nikipanda gari la kwanza mpaka mjini, nashuka, natafuta la pili, nalipa nauli mbili, nangoja magari mawili yajae. Na njia ya moja kwa moja ilikuwa ikipita nyuma ya nyumba niliyokuwa nalala. Shemeji yangu anaijua, lakini ana pikipiki yake, halikumjia akilini. Majirani wanaijua, lakini hawakujua kwamba siijui. Hakuna aliyenificha. Njia ile imehifadhiwa mahali ambapo njia zote za Kisumu zimehifadhiwa, vichwani mwa wenyeji, na mgeni hana mlango wa kuingilia humo isipokuwa mdomo wake.

Yule mama akanifundisha mengine. Usimuulize njia kijana anayekuita, muulize anayeuza kitu, kwa sababu yeye atakuwepo kesho. Uliza nauli kabla ya kuketi, na uulize kwa sauti, ili walio ndani wasikie. Tafuta gari ambalo ndani kuna mama mwenye mtoto au mzigo, huyo si wa kuwekwa. Lipa kwa sarafu na noti ndogo, au kwa M-Pesa. Boda, chagua mwenye riflekta iliyoandikwa jina la steji yake, maana huyo ana wenzake wanaomjua na mwenyekiti anayeweza kumwita. Na mwisho akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: “Hapa anayenyamaza ndiye anayelipa zaidi.”

Kesho yake nilipanda matatu nikienda dukani mjini. Makanga akaniambia 100. Moyo ulinidunda. Nikasema, kwa Kiswahili changu cha Likoni na kwa sauti ambayo mwenyewe sikuizoea, “Kaka, huyu mwenzangu amekupa hamsini. Mimi na yeye tumepandia mahali pamoja. Nami nakupa hamsini.” Gari zima likageuka. Nilidhani nitaaibishwa. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akasema, “Mama amesema kweli, mwache.” Msichana mwenye sare ya shule akasema hata yeye jana alitozwa zaidi. Makanga akapokea hamsini, akanitazama, akasema, “Sawa, mama, pole.” Hakunitukana. Hakunishusha. Nami nilishuka pale nilipotaka, nikaona mabega yangu yamekuwa mepesi.

Hapo ndipo badiliko lilipoanza. Niligundua kwamba wenyeji hawakuwa kinyume nami. Walikuwa wakingoja mtu wa kuanza.

Dada yangu alipata nafuu, akaruhusiwa kutoka. Alipopata nguvu tukaenda kuwaona wakwe zake, ng'ambo ya ghuba, huko Mbita. Ile safari ilinionyesha kwamba tabu hii haiishii mjini. Kisumu tulilipa nauli ya kufika Homa Bay. Tulipofika Kendu Bay abiria walikuwa wamepungua, tukauzwa, kama wasemavyo wenyewe: makanga akamhesabia pesa makanga wa gari jingine, tukahamishwa na mizigo yetu. Gari la pili likatungojesha mpaka lijae. Dada yangu alikuwa bado mdhaifu, jua kali, na hakuna kivuli. Safari hii sikunyamaza. Nilimwambia dereva nina mgonjwa, naomba kiti cha mbele, na naomba atuambie ataondoka saa ngapi. Akatupa kiti. Saa hakuweza kunitajia, kwa sababu hata yeye hakuijua.

Wakati wa kurudi tulipita majini, kwa kivuko cha Mbita kwenda Luanda Kotieno. Kivuko kina saa zake za kuondoka na watu wa Mbita wanazijua. Mama wenye samaki, watoto wa shule na magari yenye mizigo walifika kwa saa ile, tukapanda, tukaondoka. Dada yangu alilala begani kwangu mpaka ng'ambo. Nilipokuwa nimekaa pale nikiutazama Mlima Gembe ukibaki nyuma yetu, nilijiuliza kwa nini jambo hili liwezekane majini na lishindikane barabarani, kwenye mwambao uleule na kwa watu walewale.

Kwani Kisumu si mji mgeni wa ratiba. Mji wenyewe umezaliwa na ratiba. Reli kutoka Mombasa, mji wangu, ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, bandari ikiitwa Port Florence. Kutoka gatini, meli za reli ziliunganisha Kisumu na Kendu Bay, Homa Bay na Asembo, na mbele zaidi mpaka Uganda na Tanganyika. Abiria walikata tiketi, wakajua siku na saa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli lililokuwa la nchi tatu likagawanyika, huduma za meli zikadhoofika, na gugumaji likaja kuziba ghuba miaka iliyofuata. Barabara ikachukua kazi yote. Na barabara ilikwisha kuachiwa matatu: mwaka 1973 Rais Kenyatta alikuwa ameziruhusu zibebe abiria bila leseni maalumu za biashara hiyo. Zilitufikisha mahali ambapo serikali haikutufikisha, na kwa hilo zinastahili shukrani. Lakini hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kuandika njia zake.

Niliporudi mjini nilianza kuzungumza na wale niliokuwa nikiwaogopa. Makanga mmoja wa njia ya Kondele alinieleza hali yao bila kunificha. Yeye na dereva hawana mshahara. Mwenye gari anataka hesabu yake kila jioni, iwe mvua iwe jua. Ikitoka hesabu, mafuta, na malipo ya steji, kinachobaki ndicho chao. Kiti kitupu kikitoka steji ni hasara ambayo mwenye gari hataibeba, itabebwa na wao wawili. Ndiyo sababu gari halitoki mpaka lijae, ndiyo sababu linageuza njiani likiona abiria upande wa pili, ndiyo sababu abiria wachache wa mwisho huuzwa. “Mama, hata mimi sipendi kubishana na watu kutwa,” aliniambia. “Kungekuwa na bei imeandikwa ukutani ningenyoosha kidole tu.”

Maneno yale yalinifungua macho. Niliyekuwa nikimwona ndiye anayenufaika na kukosekana kwa maandishi alikuwa naye amechoka nako.

Nikanunua daftari. Nikaanza kuandika. Steji kwa steji, jina linalotumiwa na makanga na jina lililo kwenye barua. Russia, yaani Jaramogi. Kondele, pa kushukia kwenda Manyatta. Mamboleo, njia ya Kakamega. Otonglo na Kisian, njia ya Busia na pia ya Bondo. Nyamasaria, njia ya Ahero na Nairobi. Dunga, kwa wanaokwenda ufukweni. Nikaandika wapi pa kusimama, nauli ya kawaida mchana, na ya wakati wa mvua. Yule mama wa omena alisahihisha, makanga yule akasahihisha zaidi, dereva wa tuktuk akaongeza njia za Nyalenda nisizozijua. Mtoto wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, akaipanga vizuri kwenye ukurasa mmoja, Kiswahili upande huu na Kijaluo upande huu. Tukatoa nakala.

Nakala za kwanza niliwagawia jamaa za wagonjwa tuliokuwa tukikutana nao nje ya geti, watu waliotoka mbali na mabeseni na mablanketi. Nyingine akazibandika mwenye nyumba ya wageni alikokuwa amefikia mama mmoja kutoka Kuria. Mwenye duka la M-Pesa karibu na steji akaniomba moja aibandike dirishani, kwa kuwa alichoka kuulizwa. Yule makanga alichukua yake akaibandika ndani ya gari, juu ya dirisha. Nauli zikibadilika, wao wenyewe hunijia kuniambia nibadilishe. Karatasi ile imenipa ndugu ambao sikuzaliwa nao.

Lakini karatasi ya mwanamke mmoja haitoshi mji wenye watu wengi hivi, na huruma ya muuza omena isifanywe kuwa idara ya usafiri. Ndiyo sababu nilikwenda kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma, na nimeendelea kwenda. Mara ya kwanza nilikaa nyuma kabisa. Watu walizungumzia barabara, mitaro, taa, masoko. Nikanyoosha mkono, nikasimama, nikasema mimi si mzaliwa wa hapa ila nalipa nauli hapa, na kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya usafiri wa umma barabarani pamoja na vivuko na bandari. Nikaomba ubao wa njia na nauli pale stendi kuu. Niliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Mama wawili wa viti vya mbele wakageuka kunipigia makofi. Kwa mtu aliyelelewa kuinamisha macho, siku ile ilikuwa kubwa.

Ninachoomba si ndoto. Majirani zetu wanacho. Dar es Salaam daladala huandikwa mbele zinakotoka na zinakokwenda, kila moja ina rangi ya njia yake, na nauli ya juu hupangwa na kutangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Anayezidisha anajulikana amezidisha. Unguja mgeni huambiwa namba tu: panda 505 uende Uwanja wa Ndege, na namba hiyo imeandikwa usoni mwa gari. Nairobi, mwaka 2014, watafiti na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani, MIT na Columbia, walimaliza kazi ya kupanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi zaidi ya njia 130, wakachora ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Hawakungoja mabasi mapya wala reli mpya. Waliandika kilichokuwepo.

Kisumu nayo imeshaanza kujifikiria. Mwaka 2020 kaunti ilipata mpango wake wa usafiri endelevu, ulioandaliwa kwa msaada wa taasisi ya ITDP na UN-Habitat, unaowaweka mbele watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na abiria. Mei 2022, mji ulipopokea mkutano wa miji ya Afrika, Africities, wageni kutoka bara zima walikuta njia za miguu zilizotengenezwa katikati ya mji. Nazipita njia hizo kwa furaha. Nasema tu kwamba mgeni wa mkutano alipokewa na gari lenye jina lake dirishani. Mgeni wa kila siku ni yule anayeshuka kutoka Ugenya na barua ya rufaa, mwanafunzi anayekwenda Maseno kwa mara ya kwanza, mama aliyekuja kumtafuta mwanawe Obunga, mchuuzi aliyetumwa Kibuye siku ya soko. Huyo ndiye anayelipa bei ya njia zisizoandikwa, naye ndiye mwenye pesa kidogo kuliko wote.

Dada yangu yu mzima sasa. Mimi huenda Likoni na kurudi, na Kisumu imekuwa nyumba yangu ya pili. Bado nina heshima niliyofunzwa. Nasalimia kabla ya kuuliza, namwita makanga “kaka” na dereva “baba,” nasema “erokamano” nikishuka. Nimejua kwamba heshima na sauti vinakaa pamoja katika kifua kimoja. Nikimwona mtu amesimama steji anageuza shingo huku na huku, simwachi. Namuuliza anakwenda wapi, namwonyesha pa kusimama, namtajia nauli kwa sauti mbele ya makanga.

Kwako mgeni, nakuomba ufungue kinywa. Taja unakokwenda kwa jina la barua yako na uulize wenyeji wanapaitaje. Uliza nauli kabla ya kuketi. Dai chenji yako kabla gari halijaondoka. Utashangaa ni wangapi watakaosimama nawe. Kwako mwenyeji wa Kisumu, Homa Bay, Mbita na Siaya, njia unayoijua kwa moyo ni mali ambayo haipungui ukiigawa. Iandike, ibandike, mfundishe mmoja.

Na kwenu wenye magari, viongozi wa sako, yaani vyama vya matatu, na maofisa wa kaunti, sitaki mtu atolewe kazini wala gari liondolewe barabarani. Nataka ubao mmoja wa kwanza pale stendi kuu: majina yote ya kila steji, njia za matatu na tuktuk, na nauli ya mchana, ya jioni na ya mvua. Makanga wa Kondele yuko tayari, mama wa omena yuko tayari, ukurasa wetu umeshaandikwa na umeshasahihishwa na wanaoendesha. Kikao kijacho cha bajeti nitakuja nao, nikiwa na wenzangu, na tutaketi viti vya mbele.